Vidonge vya vitamini K2 na chokaa ya moyo

SWALI: Mama ana miaka 71. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha valvu ya aota, mlango wa kutolea damu kutoka moyoni, ina chokaa, yaani kalisiamu iliyoganda, na imebana kwa kiwango cha kati. Muuzaji mmoja hapa mjini anatuambia vitamini K2 inayeyusha chokaa hiyo. Tununue? Na dagaa aache, maana wana kalisiamu? – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Pole kwa kuuguza. Msinunue. Maneno ya muuzaji yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanavuta watu. Kwenye kuta za mishipa kuna protini iitwayo MGP, inayozuia kalisiamu isigande mahali pasipotakiwa, na haifanyi kazi mpaka iamshwe na vitamini K. Watafiti wa Denmark walilipima wazo hilo kwa wanaume 365 wa miaka 65 hadi 74 waliokuwa na chokaa kwenye valvu ya aota. Kundi moja lilimeza K2 mikrogramu 720 pamoja na vitamini D mikrogramu 25 kila siku kwa miaka miwili, lingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2022: chokaa iliongezeka kwa wote, bila tofauti ya maana. Vidonge vingi vya madukani vina mikrogramu 100 hivi. Kama 720 hazikufua dafu, mia itafanya nini?

Dagaa aendelee kula. Kalisiamu ya chakula siyo iliyoiharibu valvu. Kama wamekaushwa kwa chumvi, waloweke na kumwaga maji ya kwanza, kwa ajili ya presha. Angalizo letu ni kwa vidonge vya kalisiamu na vitamini D ya dozi kubwa: asivimeze bila daktari kumwandikia.

Fedha hiyo iwekeni kwa ajili ya eko. Kwa kiwango cha kati hurudiwa kila mwaka mmoja hadi miwili. Ombeni mwandikiwe eneo la tundu la valvu na kasi ya damu inayopita hapo: eneo likishuka chini ya sentimita 1 ya mraba, au kasi ikifika mita 4 kwa sekunde, kubana kumekuwa kukali na mazungumzo ya kubadilisha valvu yaanze. Hakuna kidonge chochote kilichothibitika kuzuia hali hiyo. Akianza kukosa pumzi akipanda mlima, kubanwa kifua au kuzimia, msisubiri tarehe ya kliniki.

SWALI: Nina valvu ya chuma, natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimesoma kwamba warfarin yenyewe huongeza chokaa kwenye mishipa. Nimeze K2 kujikinga? Majani ya kunde niache? – Msomaji, Tabora

JIBU: Ulichosoma kina msingi, kwa sababu warfarin hufanya kazi kwa kuinyima damu vitamini K, na MGP nayo hukosa. Lakini K2 usiguse. Hukaa mwilini kwa siku kadhaa na kuishusha INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda; ikishuka, damu huganda upesi. Damu ikiganda kwenye valvu ya chuma, unaweza kupata kiharusi. Hatari hiyo ni ya leo, chokaa ni ya miaka.

Mboga usiache. Kinachovuruga ni kula kwa mafungu: mvua zikinyesha, kunde, mchicha na matembele kila siku, kiangazi hakuna. Chagua kiasi, tuseme upawa mmoja wa mboga iliyopikwa kwa siku, ukishike mwaka mzima. Majani yaliyokaushwa yahesabu pia. Mlo ukibadilika sana, pima INR ndani ya wiki moja, kwani badiliko halionekani siku ileile. Lengo lako, mara nyingi 2 hadi 3 kwa valvu ya aota na 2.5 hadi 3.5 kwa ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), liandikwe kwenye daftari lako la kliniki.

Kubwa kuliko mboga ni dawa za duka la dawa. Flagyl na Septrin huipandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha, diklofenaki ya maumivu huleta damu tumboni. Mwonyeshe muuzaji daftari hilo kabla hajakupa chochote, na ukatae sindano ya msuli, kwa kuwa damu huweza kuvujia ndani ya nyama.