Wasomaji Wanauliza: Hivi Frimasoni walianzia wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Naomba unisaidie, hawa Frimasoni wametokea wapi haswa, maana kila mtu ana lake, mara wametoka Misri kwenye mapiramidi, mara wanaabudu shetani, mara ukijiunga tu unaamka tajiri. Na ni kweli Mozart na George Washington walikuwa wao? Nataka ukweli sio stori za kijiweni.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Misri achana nayo, hiyo na Hekalu la Suleimani ni hadithi za chama chenyewe, na chama gani hakipendi kujiongezea umri. Asili inayoshikika ni mafundi mawe wa Uingereza na Scotland, wale waliojenga makanisa makubwa na ngome, wakihama kutoka saiti hadi saiti, na loji ilikuwa kibanda chao pale pale kazini. Mwaka 1598 William Schaw, msimamizi wa majengo ya mfalme wa Scotland, akawaandikia kanuni. Baadae wakaanza kuingia watu ambao hata patasi hawajawahi kuishika, mfano Elias Ashmole aliyeingizwa 1646 kule Warrington, msomi tu huyo. Alafu 24 Juni 1717, kwa maelezo yao wenyewe, loji nne za London (jina la kile kibanda sasa likiwa la kikundi cha wanachama) zikakutana kwenye baa moja zikaunda Loji Kuu ya kuziongoza (kuna wanahistoria wanabisha, wanasema ni 1721).

Sasa mimi naona jambo kubwa ni katiba ya 1723 aliyoandika mchungaji James Anderson. Ilikataza ugomvi wa dini na siasa ndani ya loji, na hapo ujue Waingereza walikuwa wametoka kuchinjana kwa mambo hayo hayo, kwahiyo bwana mkubwa na mwenye duka kukaa chumba kimoja, wakaitana ndugu, wakapiga kura kuchagua viongozi, wakachangiana mwenzao akifa, hiyo haikuwa kitu kidogo. Vyama vingi vya undugu na kusaidiana vilivyokuja nyuma, kina Odd Fellows na wengine, viliiga mtindo ule ule: ngazi, viapo, mavazi, mfuko wa misaada.

Mozart, yule mtunzi wa muziki, ndio, aliingia Vienna 1784, na opera yake (igizo la kuimba) ya Filimbi ya Ajabu ya 1791 imejaa majaribu ya kumpima mtu kabla hajakubaliwa, aliyeijua loji alielewa. Washington aliingia 1752, na 1793 aliweka jiwe la msingi la jengo la Bunge la Marekani akiwa amevaa eproni ya chama, mchana kweupe, siri iko wapi hapo?

Ila anayenigusa mimi ni Prince Hall, mtu mweusi wa Boston. Mwaka 1775 yeye na wenzake 14 waliingizwa na loji ya wanajeshi wa jeshi la Uingereza, na wazungu wa pale walipowabania wakaomba hati Uingereza kwenyewe, wakaipata ya 1784. Ukoo ule wa loji upo mpaka leo, Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani, alikuwa wa huko.

Shetani sasa. Papa Clement XII aliwapiga marufuku 1738, sababu mojawapo ikiwa siri na viapo vyao. Lakini stori nyingi za kuabudu ibilisi zilipikwa na Mfaransa mmoja anaitwa Léo Taxil, alijifanya ameokoka akaandika vitabu kibao vya kutisha, watu wakanunua, alafu 1897 akaita mkutano Paris akawaambia yote nimetunga. Ukumbi ukachafuka. Vitabu vikaendelea kusomwa.

Utajiri hakuna, mwanachama ndio anayetoa ada. Anayekutumia meseji ulipie fomu ya kujiunga ni tapeli.

SWALI: Wanawake wanaruhusiwa?

JIBU: Katiba ya Anderson iliwakataa kabisa, na Loji Kuu ya Uingereza haiwapokei mpaka leo. Ila Maria Deraismes aliingizwa kwenye loji moja Ufaransa 1882, ikawa kelele, na 1893 akashirikiana na Georges Martin kuanzisha Paris tawi linalopokea wanaume na wanawake. Lipo hadi sasa nchi nyingi, na kuna loji za wanawake watupu pia.