Mfumo endeshi umekwama miaka na miaka, uachwe lini?

Wadogo zangu mnaoanza mambo ya programu huria, hasa nyinyi vijana wa hapa Lamu mnaonijia na laptopu zenu za mtumba, swali lenu huwa ni lile lile, mmeona mfumo endeshi fulani, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, ulianza kabla hamjazaliwa na mpaka leo haujafika toleo la kwanza, sasa ni wa kujiunga nao ama ushakufa zamani? Nawajibu kwa urefu kwa sababu bando ni ghali na muda wenu ni ghali zaidi, na mradi mtakaoanza nao ndio utakaowapa tabia za kazi, nzuri ama mbaya.

Kwanza acheni kuhesabu miaka, miaka inadanganya. Chukueni mfumo endeshi wa Haiku. Ulianza 2001 kwa jina la OpenBeOS, pale kampuni ya Be ilipouzwa kwa Palm na watu waliokuwa wanaupenda mfumo wa BeOS wakaona basi tuuandike upya wenyewe. Alpha ya nne, yaani toleo la majaribio ya awali, ilitoka Novemba 2012, halafu kimya, beta ya kwanza, hatua ya majaribio inayofuata, haikuonekana mpaka Septemba 2018. Karibu miaka sita bila toleo! Mtu wa nje angesema uzikwe tu. Lakini humo ndani kazi ilikuwa inaendelea, mfumo mzima wa kusimamia vifurushi vya programu uliingia 2013, na anayetaka alikuwa anaweza kuchukua toleo la usiku wa jana akalijaribu kwenye mashine yake. Beta ya tano imetoka Septemba 2024. Ni polepole kweli, ila polepole na kukwama ni vitu viwili tofauti.

Sasa utajuaje kama ndani kuna watu? Fungua orodha ya mabadiliko ya karibuni hapo hapo kwenye kivinjari, usishushe msimbo wote (maandishi yenyewe ya programu) kwanza, na usiangalie tarehe peke yake. Ukikuta mwaka mzima ni kusahihisha tahajia kwenye maelezo na kubadilisha mwaka wa hakimiliki, jua kuna mtu anafagia nyumba isiyo na wakaazi. Lakini ukikuta mtu amegusa mistari mitatu tu kwenye draiva ya waifai, ile programu inayokiendesha kifaa chake, na chini yake mwengine amemjibu kwamba hii itaharibu mashine za zamani, jaribu hivi, na yule wa kwanza akarudi na marekebisho siku ya pili, hapo pana uhai hata kama ni watu wanne duniani. Ukiridhika ndio ushushe, na utumie amri ya git clone --depth 1 ili usivute historia yote ya miaka ishirini kwa bando la simu. Halafu jaribu kukompaili, yaani kuugeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa, ukifuata maelezo yao neno kwa neno. Ikigoma, uliza. Jinsi utakavyojibiwa, ama kutojibiwa, itakwambia mengi kuliko tovuti yao yote.

Mradi ambao napenda sana kuuzungumzia ni GNU Hurd kwa sababu una mafunzo mengi. Richard Stallman alitangaza GNU 1983, nia ikiwa mfumo endeshi mzima ulio huru, na keneli yake, yaani kiini kinachoongoza mashine, ndio hii Hurd, ikaanza kuandikwa 1990 juu ya maikrokeneli (keneli ndogo inayobeba kazi za msingi tu) ya Mach iliyotoka chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka uliofuata Linus Torvalds, mwanafunzi kule Helsinki, akatoa keneli yake ya Linux, 1992 akaiweka chini ya leseni ya GPL inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha, na hapo ile haja iliyoizaa Hurd ikawa imeshatimizwa na mtu mwengine. Watu wakahamia huko. Waliobaki, miaka ya 2000 wakaona Mach ina kasoro, wakajaribu kuhamia maikrokeneli nyengine, L4, kisha wakaangalia Coyotos, na hakuna kati ya hizo iliyofika popote. Ni kama fundi wa majahazi kule Matondoni atandike mkuku, apige mbao hadi nusu, kisha aung'oe mkuku atafute mwengine, na mwenye mali anasubiri. Mimi nikiona mradi unarudi kubadilisha msingi tena na tena na kazi ya juu haisongi, naogopa zaidi kuliko nikiona kimya.

Je, Hurd iachwe basi? Kama lengo ni kuipiku Linux, hilo lilishakwisha na waliomo wanalijua. Lakini Debian, jamii inayokusanya na kusambaza programu huria, bado wanatoa toleo lake, la 2025 limekuja hadi na biti 64, na ndani yake mna wazo zuri sana, kwamba mtumiaji wa kawaida asiye na ruhusa za msimamizi anaweza kuunganisha mfumo wake mwenyewe wa faili bila kumsumbua mtu. Linux ilipata kitu cha namna hiyo, FUSE, 2005. Kijana anayetaka kuelewa keneli inavyogawanywa vipande vipande aende akasome pale, ajifunze, akichoka aondoke kwa amani. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuuacha wazi, bora tu asiyejua asidanganywe kwamba kesho utakuwa tayari kwa kazi.

ReactOS nayo wengi wanaitaka ifungwe. Ilianza 1996 kama FreeWin95, watu wakajadili zaidi kuliko walivyoandika, ikafa, ikarudi 1998 kwa jina hili jipya ikitaka kuendesha programu za Windows bila Windows. Mpaka leo ni alpha, na ile Windows Server 2003 wanayoilenga, Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Julai 2015. Kwa hivyo shabaha yenyewe imeshazeeka wakiwa bado wanailenga, na mtu ana haki ya kuuliza ya nini. Mimi sikubaliani kabisa na wanaotaka ifungwe, kwa sababu duniani zimejaa printa na mashine za maabara ambazo draiva yake ya mwisho iliandikwa kwa ajili ya Windows XP ya zamani, na wenyewe hawana pesa ya kununua nyengine. Haja ipo. Ila sitamwekea mwenye duka la hapa mtaani Langoni leo, hapana.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo sina mjadala nalo. Mradi ukiwa bado unagawa faili za kusakinisha, watu wasiojua wanazishusha na kuzitumia kwa kazi za pesa, na hakuna anayeziba matundu ya usalama, huo ufungwe, tena jana. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha zamani kilichokuwa kinategemewa na Let's Encrypt, wanaotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, kiliisha muda wake, na mifumo mingi isiyosasishwa ikaanza kukataa tovuti zilizo salama kabisa. Fikiria mama wa duka ameambiwa huu mfumo ni mwepesi utafaa laptopu yake, anafungua kivinjari kila ukurasa ni onyo jekundu, anazoea kubonyeza endelea tu, na siku akija mwizi wa kweli naye atabonyeza endelea.

Kufunga nako kuna adabu yake. Canonical, kampuni ya Ubuntu, walipoachana na Ubuntu Touch, mfumo wao wa simu, Aprili 2017 walisema hadharani, na kwa kuwa msimbo ulikuwa huru, jamii ya UBports ikauchukua na wanauendeleza hadi leo. Kwa hivyo ikitokea wewe ndiye umebaki na funguo za mradi na nguvu zimekwisha, andika juu kabisa ya maelezo kwamba haushughulikiwi tena na tangu lini, ondoa faili za kusakinisha ama uziwekee onyo kubwa, acha msimbo na leseni pale pale, na umtaje anayeweza kukabidhiwa kama yupo.

Anayetaka kuanza wiki hii, Haiku wana orodha ya kasoro walizozitia alama kwamba ni rahisi, chagua moja, isome mpaka uelewe kabla hujagusa kitu. Mkigomewa na kompaila nitafuteni Ijumaa baada ya sala, tutaitazama pamoja.