Kuhusu ile shule ya Kicukiro
Umeuliza kama Shooting Dogs, ile filamu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, imetia chumvi pale askari wa Umoja wa Mataifa wanapopanda magari na kuwaacha watu. Hapana ndugu yangu, ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa waliondoka kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, Kigali. Waliachwa watu zaidi ya 2,000, wengi wao Watutsi waliokimbilia pale kwa sababu tu waliona bendera ya Umoja wa Mataifa, na wauaji wenye mapanga walikuwa wanangoja nje. Filamu ilipigwa shuleni hapohapo, na baadhi ya waliofanya kazi nyuma ya kamera ni manusura. Mimi ile sehemu ya watu kuyazuia magari kwa miili yao siwezi kuitazama mara mbili.

Lawama yangu ni nyingine: tunayaona yote kupitia padri na mwalimu Wazungu, na New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, haionekani. Siku 10 baadaye Baraza la Usalama la Umoja huo lilipiga kura kikosi chake cha Rwanda kipunguzwe hadi watu 270! Ukitaka kuona maofisa wa Washington wakikwepa neno "mauaji ya kimbari", tafuta filamu ya Sometimes in April ya Raoul Peck.