Kushuka Iten hadi Bonde la Kerio kwa tandemu: breki, mwendo na neno la aliye nyuma

Ndugu uliyeanzisha uzi huu, umeeleza kwamba umeuziwa tandemu iliyotumika, yaani baiskeli ya watu wawili wanaokaa mmoja nyuma ya mwingine, kwamba wewe utakaa mbele na shemeji yako asiyeona atakaa nyuma, na kwamba mnapanga kushuka kutoka Iten kupitia Tambach hadi Biretwo, chini katika Bonde la Kerio, hapa Kenya. Umeuliza kama breki za kubana rimu (ukingo wa gurudumu unaoshika tairi) zilizokuja na baiskeli zitatosha, na kama ni busara kuiachia iende. Mchangiaji aliyenitangulia amekushauri ushike breki kidogo kidogo tangu juu hadi chini, usiende polepole sana wala kasi sana. Nimeishuka barabara hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa mbele, na nyuma yangu akiwa mwalimu mstaafu asiyeona, ambaye hapa nitamwita Mwalimu kama ninavyomwita tukiwa pamoja. Kwa heshima zote, sikubaliani na ushauri huo. Mwendo wa kati unaoshikiliwa kwa breki muda wote ndio unaounguza breki za tandemu kuliko mwendo mwingine wowote, na sababu yake inahesabika.

Anza na uzito. Watu wazima wawili pamoja na baiskeli, maji na vifaa hufika kilo 180 kwa urahisi, ilhali mwendeshaji mmoja na baiskeli yake huwa karibu na kilo 90. Uzito umekuwa maradufu, lakini aliye nyuma amejificha mgongoni mwa aliye mbele, hivyo ukinzani wa hewa huongezeka kwa sehemu ndogo tu, tuseme robo au zaidi kidogo. Kwa hiyo katika mteremko wa asilimia 8, yaani unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, mtu mmoja aliyeachia breki atafikia kama kilomita 70 kwa saa kisha hewa imzuie, na tandemu katika mteremko uleule itaendelea kuongeza mwendo hadi kupita kilomita 85. Aliyezoea baiskeli ya kawaida husubiri ile hali ya hewa kumshika kifuani, na kwenye tandemu hali hiyo huchelewa kuja. Anaposhtuka, kona imekwisha kufika.

Nguvu yoyote ambayo hewa haikuichukua huchukuliwa na breki, nayo hugeuka joto. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hadi ufike bondeni utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,000. Kilo 180 zikishushwa mita 1,000 hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji baridi. Joto hilo halina budi kwenda mahali fulani, ama kwenye upepo ama kwenye vipande vichache vya chuma na alumini vilivyo sentimita chache kutoka kwenye tyubu zako.

Sasa tazama mwendo tofauti katika mteremko huohuo wa asilimia 8. Ukijizuia kwenye kilomita 20 kwa saa, breki zitapokea kama wati 700 muda wote. Ukijizuia kwenye kilomita 50, zitapokea kama wati 1,200, kwa sababu kila sekunde unashuka kimo kikubwa zaidi na hewa bado haijaanza kukusaidia vya kutosha. Ukifika kilomita 80, hewa yenyewe inafanya sehemu kubwa ya kazi na breki zingehitaji kubeba wati 500 hivi tu ili mwendo usizidi hapo. Haya ni makadirio, na yatabadilika kwa uzito wenu, mavazi na mkao, lakini umbo la hesabu halibadiliki: kilele cha joto kiko katikati, penye mwendo ambao mtu mwoga kidogo na jasiri kidogo huuona kuwa wa kiasi.

Kutokana na hayo kuna njia mbili za kushuka ambazo mimi naziheshimu. Ya kwanza ni kwenda polepole kwelikweli, chini ya kilomita 20 kwa saa, na kusimama pembeni mara kwa mara ili breki zipoe. Jumla ya joto ni kubwa lakini linakuja taratibu na linapewa nafasi ya kutoka. Ya pili ni kuachia kabisa pale ambapo unauona mwisho wa barabara iliyonyooka, kukaa wima na kutanua mabega ili upepo uwazuie, kisha kushika breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, na kuziachia tena kabla hamjalala, yaani hamjainama pamoja na baiskeli, kwenye kona. Kati ya kona na kona rimu, au diski (sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, inayobanwa badala ya rimu), inapigwa na upepo na kupoa. Njia hii ya pili ndiyo tunayoitumia mimi na Mwalimu, lakini hatukuanza nayo, nanyi msianze nayo.

Kuhusu breki zenyewe, breki za kubana rimu zinaweza kuwafikisha chini mkitumia njia ya kwanza, ila ni lazima ujue hatari yake. Joto linaingia kwenye rimu, rimu inapasha tyubu, shinikizo linapanda, gundi ya viraka inalainika, na tairi linaweza kupasuka au kuchomoka kwenye rimu. Likiwa la mbele, hakuna ustadi utakaokusaidia kwa kilomita 60. Kwa hiyo weka tyubu mpya zisizo na kiraka, usijaze upepo hadi kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na ukague kuta za rimu, kwa maana vumbi jekundu la huku likichanganyika na maji ya mvua huzila kama msasa. Rimu za kaboni zenye breki za kubana usizilete kwenye mteremko huu hata kidogo.

Ukiwa na uwezo, tafuta diski kubwa za milimita 203 mbele na nyuma, mradi uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, uwe umetengenezwa kubeba diski; uma usiotengenezwa kwa kazi hiyo unaweza kupinda au kuvunjika. Breki za mafuta hukamata kwa wepesi wa kidole, lakini mafuta yakichemka mkono wa breki unaingia hadi kwenye usukani bila kukamata chochote. Za waya hazina ugonjwa huo, ila padi (vipande vinavyobana diski) zinapolika unahitaji kukaza waya ukiwa njiani. Diski iliyopata joto kupita kiasi hubadilika rangi, kwanza kahawia ya dhahabu kisha samawati, na padi zake hung'aa kama kioo na kupiga kelele. Mkiona hivyo mkiwa Tambach, simameni. Usiimwagie maji, kwa sababu chuma chenye joto kikipozwa ghafla hupinda. Kaeni tu kando ya barabara mpaka uweze kusogeza kiganja karibu nayo bila kuhisi joto usoni mwa kiganja.

Ipo breki ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ni dramu, breki iliyo ndani ya kopo la chuma, inayofungwa kwenye habu (kitovu) ya gurudumu la nyuma. Zilizosifika zilitengenezwa na Arai wa Japani, na kwa kuwa hazitengenezwi tena utazipata zilizotumika. Dramu ni nzito na haikusimamishi, lakini ndiyo breki pekee kati ya hizi iliyokusudiwa kushikiliwa kwa muda mrefu, kwa sababu ina chuma kingi cha kupokea joto na joto hilo haliendi kwenye tairi. Ushauri wa mwenzetu hapo juu ungekuwa sahihi kabisa kwa baiskeli yenye dramu. Huenda ndiko alikoutoa.

Kwenye baiskeli yetu dramu imewekwa chini ya mkono wa Mwalimu, na hapa ndipo ninapoomba usome kwa makini kuliko kwingine. Asiyeona aliye nyuma si mzigo unaosafirishwa. Douglas Sidialo, aliyepoteza uwezo wa kuona katika mlipuko wa bomu wa tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, alivuka bara kwa tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town, na hakuna mtu anayefika Cape Town kwa kubebwa. Shemeji yako atakuwa anakanyaga, anaegemea, anasikiliza na, ukimpa mkono wa breki, anapunguza mwendo. Mwalimu husikia mambo ambayo mimi, mwenye upepo masikioni na macho kwenye lami, siyasikii. Katika kona zilizo juu ya Tambach amewahi kuniambia, kwa sauti ileile ya darasani, "Lori nyuma yetu, limeshusha gia, bado liko mbali kidogo." Niliposogea pembeni na kulisubiri, lilipita likinuka breki zilizoungua, na nilifurahi kwamba halikutukuta katikati ya kona.

Kwa upande wako, wewe ndiye macho ya watu wawili, na kila kitu ukionacho lazima kisemwe kabla hakijafika. Chagueni maneno mafupi na msiyabadilishe: kona kushoto, kona kulia, tuta, shimo, breki, achia. Kwa kuwa cheni inaunganisha pedeli za mbele na za nyuma, hamwezi kuziweka tofauti; ukisema kona kulia, nyote mnashusha pedeli ya kushoto na kuikandamiza, na aliye nyuma analala pamoja na baiskeli bila kujaribu kukaa wima. Mtu asiyeona aliyeambiwa mapema hulala vizuri zaidi kuliko anayeona, kwa sababu hachungulii begani mwako kutafuta njia yake mwenyewe. Asiyeambiwa hukakamaa, na tandemu yenye mtu aliyekakamaa nyuma hupanua kona hadi upande wa magari yanayopanda.

Kanuni yetu moja haijadiliwi: Mwalimu akisema "punguza", napunguza, hata kama ninaona kilomita nzima iliyo tupu mbele yangu. Yeye hana njia ya kuthibitisha ninachokiona, na hofu yake si jambo la kushindana nalo kwa hoja tukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa. Baada ya muda neno hilo alilitumia mara chache zaidi, na mwendo wetu uliongezeka bila mimi kuuomba.

Usukani ukianza kutetemeka wenyewe katika mwendo fulani, usiukaze kwa nguvu, kwa maana mikono iliyokaza huongeza mtetemo. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti, legeza viwiko, na punguza mwendo kwa breki ya nyuma. Mara nyingi chanzo huwa ni mtu wa nyuma anayejisogeza au kutafuta chupa ya maji, hivyo kunywa na kujikuna kungoje mahali pa kusimama. Mkifika nyumbani kagua beringi za usukani na spoku.

Nadhani umesikia kwamba tandemu haipinduki kwa breki ya mbele. Ni kweli, kwa sababu magurudumu yake yako mbali na uzito wa aliye nyuma hauruki kwa urahisi, hivyo breki ya nyuma nayo inafanya kazi ya maana hadi mwisho. Lakini kusimama ni jambo lingine. Kwenye lami kavu, mkiwa na breki nzuri na sekunde moja ya kushtuka, kutoka kilomita 80 mtahitaji kama mita 100 ili msimame. Kutoka kilomita 50 mtahitaji chini ya nusu ya hapo. Mbuzi wa bonde hawatoi mita 100. Wala hawatoi bodaboda wanaopanda huku wakikata kona. Ndiyo maana tunaachia baiskeli tu pale ninapoona pande zote mbili za barabara, si lami peke yake, na penye nyumba, shule au maduka tunashuka kama watu wanaokwenda sokoni. Baada ya mvua tarajia mawe na tope lililoporomoka kutoka ukingoni, na mchana tarajia upepo unaopanda kutoka bondeni, ambao hukupiga kwa ubavu pale ukuta wa mlima unapoachia.

Jambo dogo ambalo watu hulipuuza ni glavu. Iten asubuhi ni baridi, na vidole vilivyokufa ganzi havina nguvu ya kubana breki na kuzuia kilo 180 kwenye kona ya kwanza, ambayo ndiyo mnayoikuta kabla damu haijachemka. Sisi huzunguka mjini juu kwa nusu saa kwanza, tukiwapisha wakimbiaji, kisha tunashuka mikono ikiwa na joto.

Kuhusu kurudi juu, msitegemee matatu, kwa sababu urefu wa tandemu unawashinda makondakta hata wale wenye nia njema. Kubalianeni na mwenye pikapu kabla hamjaondoka Iten, awakute Biretwo, na mnapoilaza baiskeli humo ndani hakikisha upande wenye diski uko juu.