Vitafunwa vya asili kwa mtoto wa mbwa

Dada yangu, umeuliza umpe nini mbwa wako wa miezi mitatu badala ya biskuti za dukani zinazomharisha. Hapa Dar wala usihangaike, Kariakoo utapata vyote. Wangu namfundishia kwa maini ya ng'ombe: nachemsha bila chumvi, nakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Ila yasizidi, mara mbili kwa wiki yanatosha, maana yana vitamini A nyingi. Dagaa wa Mwanza nao wazuri. Waloweke, waoshe mchanga wote, uwachemshe. (Funga mlango, paka wa mtaa mzima watakuja.) Siku nyingine kiazi kitamu au boga la kuchemsha, au tikiti lisilo na mbegu. Vitafunwa vyote kwa siku visizidi asilimia 10 ya chakula chake. Kitunguu, zabibu, chokoleti na mifupa iliyopikwa, usithubutu. Na mkiwa barabarani chunga magunzi ya mahindi ya kuchoma: akimeza kipande kinaweza kuziba utumbo, hapo ni kupasuliwa tu. Kama bado anaharisha, aanze kwanza kwa daktari wa mifugo.