Maswali ya PHP: array_map, array_walk na bei za samaki

Haya wana Tanga, wiki hii mmeniuliza arei tu, yaani orodha ya thamani ndani ya lugha ya programu ya PHP, najibu yalivyokuja.

Ngamiani: Kaka nina arei ya bei za samaki, kila bei nataka niiongezee 500 ya bodaboda kutoka Deep Sea. Lazima foreach, nizungushe moja moja?

Si lazima. Andika fankisheni yako, kile kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, afu mwachie array_map aipitishe kwenye kila bei:

`$mpya = array_map(fn($b) => $b + 500, $bei);`

Changu wa 8000 anatoka 8500, kibua wa 3000 anatoka 3500, na $bei yenyewe haijaguswa, yaani umepewa sinia jipya na la zamani lipo palepale. Kama kii zako, yaani lebo za kila thamani, ni majina ya samaki yanabaki vilevile, ila ukiipa arei mbili kwa mpigo majina yanapotea unaletewa 0, 1, 2, hapo ndo watu wanalia. Hiyo fn, fankisheni ya mkato, inataka PHP 7.4 kwenda juu, bas chungulia toleo la seva yako kwanza.

Chumbageni: Nimefanya hivohivo, zote zimetoka null, tupu kabisa!

Umetumia function ya kawaida ukasahau return, neno la kurudisha jibu. Fn inajirudishia yenyewe, function hairudishi mpaka uiambie.

Pangani: array_walk si kitu kilekile?

Hapana bwana. Huyu anaingiza mkono kwenye kapu lenyewe, na usipoweka & mbele ya $b unahangaika na kopi tu. Tena harudishi arei, anarudisha true. Mie nilishaandika `$bei = array_walk(...)` kwenye kazi ya mteja, saa nane usiku, naprint bei naona 1, moja tu peke yake, nikajua databesi imeliwa kumbe nimezifuta kwa mkono wangu. Uzuri wake anaipa fankisheni thamani pamoja na kii, kwa hiyo unaweza kumwambia kama ni pweza mruke.

Muheza: Nauli ipo kwenye $nauli nje, ndani ya fankisheni inasema haijulikani.

`function($b) use ($nauli)`. Au tumia fn, inaiona bila kuambiwa.

Raskazone: Mbona array_map inaanza na fankisheni, array_filter ile ya kuchuja inaanza na arei?

array_map inakubali arei nyingi, zinapangwa foleni nyuma ya fankisheni. array_filter anashika moja tu. Bado nazichanganya, nimebandika karatasi ukutani.