Mjusi wa Tendaguru alikula nini kama nyasi hazikuwepo?

SWALI: Habari mtaalamu, mi ni mwalimu huku Lindi. Wanafunzi wananiuliza, kama enzi za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa huku Lindi, nyasi hazikuwepo, alikula nini akawa mkubwa vile? Na mnajuaje wakati majani yanaoza?

JIBU: Salama mwalimu, wanafunzi wako wako vizuri sana. Nianze na hilo la mwisho maana ndo penye utamu. Majani yanaoza ila chavua ni ngumu mno, ganda lake haliliwi na asidi, kwa hiyo unachukua kipande cha mwamba unakiponda unakitia asidi kali, jiwe lenyewe linayeyuka chavua inabaki, unaiweka kwenye hadubini. Ya Tendaguru iliyojaa zaidi ni Classopollis, vipunje vya mviringo vyenye mfuo uliozunguka kama mkanda, na mara nyingi unakuta vinne bado vimeshikana. Hiyo ni chavua ya miti yenye undugu na misonobari, ila miti hiyo imeshatoweka yote duniani, majani yake yalikuwa vigamba vidogo vimebana tawi, vina ngozi nene ya kutunza maji, yani ni mti wa sehemu yenye kiangazi kikali.

Sasa unganisha. Miaka milioni 150 hivi iliyopita, mwishoni mwa Jurasiki, Tendaguru ilikuwa pwani yenye mafungu ya mchanga, misitu ikiwa zaidi bara, na makangaga sehemu zenye unyevu. Giraffatitan, ndo huyo mjusi wenu, ambaye mifupa yake ilichimbwa 1909 hadi 1913 na leo amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, alikuwa anafikia matawi ya miti kama hiyo ambayo wengine hawayagusi. Hakuwa na magego, anakata anameza tu, halafu vijidudu vya tumboni vinachachusha taratibu, na ndo maana lile tumbo lilitakiwa kuwa kubwa.



Nyasi zimekuja baadaye, kipindi cha Kretasia. Ukipata mtapo hapo pwani waonyeshe, watu wanaudhania mnazi mfupi lakini ni saikadi, hautoi ua kabisa, na ukoo wake ulikuwepo tangu enzi za huyo mjusi.